Mke Mwenza wa Bi Sada

Msema kweli mpenzi wa Mungu, ndivyo watu wasemavyo, lakini hakuna anayekwenda kuwauliza waume wa wasema kweli wanaishije. Fundi Maftaha angeulizwa angejibu. Alikuwa ameishi na Bi Sada binti Nassibu miaka thelathini na moja pale Kilwa Kivinje, nyumba ya tatu kutoka msikitini, na katika miaka yote hiyo hakumsikia akisema hata ule uongo mdogo wa adabu ambao watu wastaarabu hawaishi bila. Jirani akimletea mchuzi uliozidi chumvi, sahani ilirudi na salamu: "Chumvi imezidi, lakini ahsante." Majirani walimpenda vivyo hivyo, kwa sababu kwenye msiba alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka.

Basi mwaka ule wa 1955, walipojaliwa kupata nafasi ya kwenda hija, ukweli wa Bi Sada ndio uliotaka kuwaachisha meli.

Safari yenyewe walikuwa wameinuia siku nyingi. Bi Sada aliwahi kuugua homa ya matumbo mpaka nywele zikamtoka, na Maftaha akaweka nadhiri kando ya kitanda chake: ukipona, tutakwenda Makka mimi na wewe. Hakusema nitakwenda, alisema tutakwenda, na mwenye kuweka nadhiri huwa anasikilizwa neno kwa neno. Mkewe akapona, nywele zikarudi, na nadhiri ikakaa miaka kumi na miwili ikingoja uwezo. Maftaha akachonga milango, akaunda vitanda vya samadari na makabati ya maharusi, hata uwezo ukapatikana.

Kila hujaji alitakiwa awe na pasi, na kila pasi iwe na picha. Huseni, mpiga picha kutoka Lindi, alikuwa amefika mjini na sanduku lake la miguu mitatu. Akawasimamisha mmoja mmoja mbele ya ukuta wa chokaa, akajifunika kitambaa cheusi, na kesho yake akawapa karatasi zao. Maftaha akaitazama yake, akaona mzee mwenye masikio makubwa, akasema alhamdulillahi. Yeye hakuwa mtu wa vioo, alijiangalia Ijumaa kwa Ijumaa tu anapopunguza ndevu. Bi Sada aliitazama yake kwa muda mrefu. Kisha akairudisha.

"Hii si yangu," akamwambia Huseni. "Umenipa ya mtu."

"Mama, wanawake niliowapiga tangu juzi ni wawili, na mwenzio kapigwa picha akiwa na mtoto mgongoni. Hiyo ni yako."

"Kovu langu liko huku." Bi Sada akagusa nyusi ya kushoto, pale mchi ulipompiga alipokuwa mtoto kwao Miteja, akitwanga na dada yake. Kisha akagusa ile picha upande wa pili. "La huyu liko huku. Na kipini umekihamisha, angalia. Na mdomo umempinda."

Huseni alikuwa kijana mstahimilivu, kazi yake ilimfundisha. Akakiri kwamba ziko picha zinazogeuzwa kwa bahati mbaya wakati wa kuzisafisha, lakini hii haikugeuzwa, na ushahidi wake ni kanga. "Soma hapo kifuani. Wema hauozi. Ingekuwa nimeigeuza, maneno yangesomeka kinyumenyume."

"Mwanangu, mimi nilihitimu Kurani nikiwa na miaka kumi na mmoja," Bi Sada akasema. "Hizo herufi zenu za Kizungu sizisomi. Kwangu mimi zote zimegeuka."

Huseni akacheka, akafunga sanduku lake, akaenda Songo Songo kwenye harusi. Maftaha naye alicheka, akidhani jambo limekwisha. Mtu aliyekaa na mwanamke miaka thelathini na moja na bado anadhani jambo limekwisha, huyo wa kuhurumiwa.

Jumatatu wakaenda bomani. Karani wa pasi alikuwa Eusebio, Mmakonde wa kule juu Newala, mtu mpole mwenye mwandiko mzuri. Akawaamkia shikamoo, akawapa viti, akabandika picha zote mbili kwenye fomu zao. Maftaha akatia sahihi kwa herufi zake za Kiarabu. Kisha Eusebio akamgeukia Bi Sada, akamfungulia kidude cha wino, akamsomea maneno yaliyoandikwa chini ya picha kwa Kiswahili: "Naapa kwamba picha hii ni sura yangu mimi, wala si ya mtu mwingine. Weka dole gumba hapa, mama."

Bi Sada akarudisha mkono ndani ya buibui.

"Siapi," akasema.

Eusebio akamtazama Maftaha. Maftaha akatazama dari.

"Mama, si wewe huyu?"

"Anafanana na mimi. Ndugu wengi hufanana. Lakini mimi najijua, nimejiona kila siku tangu nilipoolewa, na huyu simjui. Sasa unataka nile yamini ya uongo, halafu nikaizunguke Al-Kaaba nayo mkononi?"

Maftaha akasema yuko tayari kuapa yeye kwa niaba yake. Eusebio akatikisa kichwa kwa masikitiko: kila mtu na dole lake, ndiyo sheria. Akawaeleza vilevile kwamba mafaili ya mahujaji yanaondoka Alhamisi na gari la posta kwenda Dar es Salaam, na lisilokuwa na dole litabaki mezani pake. Aliyasema hayo kwa sauti ya chini, na ilionekana wazi kwamba angependa lisibaki.

Njiani Maftaha aliikumbuka methali ya nyani na kundule. Ilimfika mpaka kwenye ulimi, na kwa rehema za Mola akaimeza.

Jumanne nzima walibishana. Si kwa makelele, maana Bi Sada hakuwa wa makelele. Alikaa baraza ya ndani akipepeta unga, na kioo chake kimelala pembeni yake kama shahidi wake mahakamani. Kilikuwa kioo kidogo cha mkononi, chenye fremu ya mpingo aliyoichonga Maftaha mwenyewe mwaka wa harusi, pembeni maua manane na katikati ya kila ua tundu la sindano. Asubuhi zote za ndoa yao Bi Sada alikaa na kioo hicho akapaka wanja, akafunga ushungi, akaweka kipini sawa, ndipo akatoka kumpa mumewe chai.

"Hiki umenipa wewe," akasema. "Ama kioo chako kimenidanganya miaka thelathini na moja, ama yule mtoto wa Lindi kakosea. Chagua."

Maftaha akachutama mbele yake. Akautazama uso ule, ambao angeweza kuuchonga kwenye ubao gizani: kovu upande wa mkono wa kulia wa Maftaha mwenyewe, kipini chini yake, na ile pembe ya mdomo inayopanda upande wa mkono wake wa kushoto kila mara mkewe anapokuwa karibu kumkatalia jambo. Hapo ilikuwa imepanda sana. Alikuwa ameipenda pembe ile kabla ya kumpenda mwenyewe. Picha ilikuwa imeikamata vilevile, na huo ndio mdomo aliousema mkewe kwamba umepinda.

"Mama Tawakali," akasema, akimwita kwa jina la binti yao aliyeolewa Mitwero, "picha ile ni wewe tupu. Ningeiokota jangwani ningeijua."

Bi Sada akaacha kupepeta.

"Kama huyo ndiye unayemwona ukinitazama, nenda naye Makka. Mimi siwezi kusafiri na mke mwenza." Alisema kwa mzaha, lakini macho yalilengwalengwa. "Nilidhani unaniona mimi."

Maneno hayo yalimchoma Maftaha kuliko kukosa meli. Hapo akaona unga kwenye shavu la mkewe. Akajigusa shavu lake mwenyewe la kulia kumwonyesha. Bi Sada akapangusa shavu lake la kulia, unga ukabaki kushoto. "Si hapo," akasema Maftaha. "Si umenionyesha hapa," akasema Bi Sada. Ugomvi huo nao ulikuwa na miaka thelathini na moja: wa unga, wa masizi, wa punje ya wali kidevuni. Hata siku moja mkono wa Bi Sada haukwenda mahali mumewe alipomwonyesha, na kila mmoja aliamini kwamba mwenzake hajui kushoto na kulia.

Jumatano Maftaha akaingia karakanani bila hamu ya kazi. Kulikuwa na vioo viwili vilivyoletwa kwa ajili ya kabati la bibi harusi mmoja, vioo vya urefu wa mtu, vimefungwa kwenye majani makavu ndani ya sanduku. Akavitoa. Akatafuta mahali pa kuviweka visije kuvunjika, akaona hakuna pema kama kwenye pembe ya ukuta: kimoja akakisimamisha ukuta wa huku, kingine ukuta wa kule, ukingo ukagusana na ukingo. Na kwa kuwa fundi ni fundi hata akiwa na huzuni, akachukua skwea akapima pembe ile, akatia vipande vya ubao chini mpaka vioo vikasimama barabara na maungio yakabaki mstari mwembamba kama uzi.

Jua la asubuhi lilikuwa linaingia dirishani. Likapiga kioo cha kushoto, likarukia cha kulia, na kutoka hapo likarudi dirishani kulekule lilikotoka, likatua kwenye ubao wa dirisha kipande cha nuru chenye kutikisika. Maftaha akakipenda. Akasogea katikati ya vioo kutazama, na pale kwenye maungio akakutana na mzee mwenye masikio makubwa.

Mzee huyo alikuwa na penseli sikioni. Hilo halikumshangaza, maana penseli yake ilikaa sikio la kulia tangu utoto wa ufundi. Lakini kila alipojitazama kwenye kioo penseli ilikuwa upande wa mkono wake wa kulia. Ya huyu ilikuwa upande wa kushoto, kama ya mtu aliyesimama mbele yako. Maftaha akanyoosha mkono wa kulia kuichukua. Yule mzee akanyoosha mkono wa upande ule mwingine. Akajaribu tena polepole. Akapangusa pua, akakonyeza jicho. Angepita mtu angesema hija imemchanganya fundi.

Kisha akakaa juu ya benchi, akafikiri kwa namna ya seremala, yaani kwa mikono. Akaokota kipande cha ubao, akakigeuza mara moja: mgongo ukaja mbele. Akakigeuza tena: uso ukarudi. Akatazama ile nuru dirishani. Kioo kimoja kinakupokea kinakugeuza. Vikiwa viwili, cha kwanza kinakugeuza, cha pili kinakugeuza tena, na ukirudi unarudi ulivyo. Akaondoka pale akakimbia, mtu wa miaka hamsini na tisa, vumbi la mbao mpaka kwenye kope.

"Chukua kioo chako unifuate," akamwambia mkewe.

"Kuna nini?"

"Kuna mke mwenza wako. Yuko karakanani."

Bi Sada akajitanda kanga akamfuata, pembe ya mdomo imepanda.

Maftaha hakumpeleka kwenye vioo vikubwa moja kwa moja. Alimjua mtu wake: huyu haamini neno la mume, wala la mpiga picha, wala herufi za Kizungu. Akatoa ubao aliokuwa akiuchonga kwa ajili ya juu ya mlango wa mtu, wenye Bismillahi kwa hati nzuri ya Kiarabu, akampa aushike.

"Soma."

"Bismillahi Rahmani Rahimi," Bi Sada akasoma.

"Sasa usome ndani ya kioo chako kidogo."

Bi Sada akauinua ubao mbele ya kioo cha mpingo. Akakunja uso. Bismillahi ilianzia kushoto, inakwenda kulia, herufi zimegeuza migongo. Akasogeza kioo, akasogeza ubao, akajaribu tena. Miaka thelathini na moja alikuwa amekipelekea uso tu. Maandishi nani anayapeleka mbele ya kioo?

"Kinageuza," akasema taratibu.

"Kinageuza. Sasa njoo hapa." Akamshika mabega, akamsimamisha mbele ya pembe, sawa na yale maungio. "Nyanyua ubao. Soma."

Bi Sada akanyanyua ubao mpaka ukamficha uso, akachungulia kwa juu. Kule ndani Bismillahi ilisimama sawasawa, inaanzia kulia inakwenda kushoto, kama ilivyochongwa. Akaisoma kwa sauti, neno kwa neno, na sauti yake ikapungua kila neno. Alikuwa ameshaelewa. Kioo kinachoyasoma maneno ya Mungu yalivyo, basi na yeye kitamsoma alivyo.

Akakaa muda ubao ungali usoni. Maftaha hakumharakisha.

Kisha akaushusha.

Mwanamke wa kwenye picha alikuwa amesimama pale, na mstari mwembamba wa maungio unampita katikati ya pua. Kovu huku. Kipini huku. Mdomo ulikuwa umepinda upande wa pili kabisa na ule aliouzoea. Bi Sada akataka kusawazisha ushungi, mkono ukampotea, ukaenda hewani upande usio. Akajaribu tena, ukampotea tena. Yule wa kule ndani akamwangalia kwa mshangao uleule.

"Ndivyo unavyoniona hivi?" akauliza bila kugeuka.

"Siku zote."

"Tangu siku ya kwanza?"

"Tangu dirishani kwa baba yako."

"Na kovu lote lile?"

"Kovu ndilo nililoliona mwanzo. Nikauliza, yule mwenye kovu ni nani?"

Bi Sada akajitazama tena, akiinamisha kichwa huku na huku. Mdomo ulikuwa unapanda, naye akauona unavyopanda, na kwa mara ya kwanza maishani akaona kile ambacho mumewe hukiona kabla ya kukataliwa. Akacheka. Kicheko kikageuka machozi kidogo, akayafuta na kanga.

"Maskini huyu," akasema. "Nimemtukana siku tatu. Mke mwenza kakaa nyumbani kwangu miaka thelathini na moja, anakula mapenzi yote, mimi nampakia wanja mtu mwingine."

Halafu likamjia wazo, akageuka. "Kwa hiyo wewe wangu hujapata kumwona."

"Yupi?"

"Huyu." Akainua kioo kidogo cha mpingo, akamvuta mumewe karibu mpaka shavu likagusa shavu, vumbi la mbao kwa harufu ya udi. "Usijitazame wewe. Nitazame mimi."

Maftaha akatazama. Ndani ya fremu aliyoichonga mwenyewe kulikuwa na mwanamke ambaye kidogo amsalimie. Kovu lilikuwa nyusi nyingine. Pembe ya mdomo ilipanda kusikokuwa kwake. Alikuwa mzuri, tena sana, lakini Maftaha hakuwahi kula naye, wala kulala naye, wala kugombana naye kwa ajili ya unga. Na huyu ndiye ambaye mkewe alimwamkia kila alfajiri, akampaka wanja, akamfunga ushungi kwa uangalifu, akamwuliza kama amependeza, kabla ya kuja kwa mumewe na chai. Alikuwa akipambwa kwa ajili yake, naye hakumjua. Ikamwuma, akaelewa yale machozi ya Jumanne.

"Simjui huyu," akakiri.

"Unaona sasa?" Bi Sada akasema kwa upole. "Muamkie basi, si ni mgeni wako."

"Hujambo, bibi," Maftaha akamwambia yule wa kiooni, na akamwona akitabasamu upande usio wake.

Alhamisi asubuhi walikuwa bomani kabla mlango haujafunguliwa. Eusebio alipowaona aliacha chai yake. Akalitoa faili bila kutafuta, kwa sababu alikuwa amelilaza juu ya mengine yote.

"Mama, picha hii ni wewe?"

"Ndiye mimi. Nimemwona kwa macho yangu."

Eusebio hakuuliza zaidi; karani mwenye busara hujua pa kuachia. Ila kulikuwa na nafasi moja wazi kwenye fomu, akalowesha kalamu. "Alama ya mwilini. Nitaandika kovu kwenye nyusi. Upande gani?"

"Kushoto," akasema Bi Sada.

"Kulia," akasema Maftaha wakati uleule.

Kalamu ikabaki hewani. Mume na mke wakatazamana, na Bi Sada akalazimika kujifunika mdomo kwa ushungi.

"Andika kushoto," Maftaha akasema. "Kovu ni lake. Mimi huwa namtazama kwa mbele, ndiyo sababu."

Bi Sada akatia dole gumba kwenye wino, akalikandamiza chini ya picha kwa nguvu zote, akalishikilia hapo kana kwamba karatasi itatoroka. Eusebio akapiga muhuri, akawatakia safari njema, akawaomba wamkumbuke kwenye dua hata kama si wa dini yao.

Walikuwa wamefika karibu na sokoni, watu ni wengi, Maftaha alipomtupia mkewe jicho. Kumbe alipokuwa anajifunga ushungi wakitoka bomani alikuwa amejipaka wino shavuni, alama nyeusi ya dole zima.

"Una wino," akamwambia.

"Wapi?"

Maftaha akaanza kuinua mkono ajiguse shavu lake, kama alivyofanya miaka yote. Mkono ukasita. Bi Sada naye aliinua wake, ukasita. Wakasimama pale katikati ya njia, kila mmoja na mkono wake hewani, wauza samaki wanawapisha.

Kisha Bi Sada binti Nassibu, ambaye hakuwahi kuguswa na mumewe mbele za watu tangu kuolewa, akateremsha mkono, akafumba macho, akamletea uso.

"Futa wewe," akasema. "Wewe ndiye unayeuona."

Maftaha akalowesha ncha ya mkono wa kanzu kwa ulimi, akamfuta.